Gia ya Bronzi na Mafuta ya Mawese

Gari la baba yangu ni pikapu ya Kifaransa, kongwe kuliko mimi. Lina taa mbili za mviringo mbele, mkono wa gia umechomoza kwenye usukani badala ya sakafuni, na kwenye bampa kuna tundu la kuingizia hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, kwa sababu walioliunda walijua kwamba betri hufa wakati mtu bado ana safari. Magari ya namna hii nimeyafufua mengi, na neno hilo la kufufua nalitumia bila aibu. Niliondoka Kindu, mji wetu wa kando ya mto, nikiwa kijana wa ndala zilizoshonwa kwa waya. Nilianza Kigoma, nikiosha vyuma vya mafundi wengine kwa dizeli, nikaenda Dar es Salaam, nikajisomesha jioni baada ya kazi mpaka nikapata diploma ya ufundi wa magari. Leo diploma hiyo imetundikwa katika garaji yangu hapa Kasuku, mtaa mmoja wa Kindu, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mteja huiona kabla hajaniona mimi. Hakuna mjomba aliyenitafutia nafasi. Kila nilichonacho nimekitoa chini ya gari, nikiwa nimelala chali.

Wengi huniuliza kwa nini nashughulika na magari yaliyokwisha kusahauliwa wakati mji umejaa pikipiki zinazoharibika kila siku. Jibu langu ni kwamba gari jipya hukwambia lenyewe linapoumwa; taa inawaka, basi. Gari la zamani hunyamaza. Inabidi uliulize, na majibu yake yako kwenye bolti. Bolti iliyofunguliwa na mwizi huwa na kona zilizochubuka, kwa kuwa mwizi ana haraka na spana yake si ya saizi. Bolti iliyofunguliwa na fundi huwa safi. Na kipande kikiuzwa huondoka na bolti zake, maana mnunuzi hataki kuanza kuhangaika na bolti.

Kwa hiyo niliporudi Kindu baada ya miaka mingi, nikaingia katika kibanda cha matofali nyuma ya nyumba ya mama, nikafukuza kuku waliokuwa wakitaga nyuma ya pikapu, kitu cha kwanza nilichotazama kilikuwa bolti. Kabureta haikuwapo. Rejeta haikuwapo. Kiti hakikuwapo. Katikati ya ekseli ya nyuma, kwenye lile bonge la chuma tunaloita difu, gia kubwa ya bronzi inayozungusha magurudumu haikuwapo. Lakini bolti zote zilikuwapo. Kila moja ilikuwa imerudishwa kwenye tundu lake na kukazwa kwa vidole tu, na kila moja ilikuwa safi.

Nilisimama pale na tochi kwa muda mrefu. Mwizi harudishi bolti. Muuzaji habaki na bolti. Ni nani basi aliyelifungua gari hili kwa adabu namna hiyo?

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele.

"Unaangalia nini? Baba yako aliuzaka yote," alisema. "Kipande kwa kipande. Acha kuku yangu ilale."

Gari hilo ndilo lililotulea. Baba alilinunua kwa mtu wa migodi aliyekuwa akirudi kwao, akawa anavuka mto kwa kivuko mpaka upande wa Pangi na kurudi na magunia ya mpunga, mafuta, mbuzi, na abiria waliokaa juu ya vyote hivyo. Kisha vita vikaja. Nilikuwa sekondari. Nitasema tu nilichokiona mwenyewe: watu wenye silaha, wa upande wowote, walipoingia mjini walitafuta kwanza gari linalotembea. Gari liliondoka na dereva wake, na mara nyingi hakuna kati yao aliyerudi. Jirani yetu wa upande wa reli aliondoka hivyo, amevaa kandambili, akimwambia mkewe asifunge mlango.

Baada ya hapo baba alianza kulifungua gari lake mchana kweupe, mbele ya kila apitaye. Alitandaza gunia, akapanga spana, akawa anatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa. Askari walipofika, walikaa kwenye usukani, wakasukuma, wakapiga mlango mateke, wakacheka, wakaenda zao. Baba alikuwa amesimama pembeni akipangusa mikono kwa kitambaa, macho chini. Nilimwonea haya siku ile. Siku zilizofuata nikawa namwona akitoka na baiskeli, mzigo umefungwa nyuma kwa gunia, na chupa ya mawese ikining'inia kwenye usukani. Nilidhani anakwenda kubadilishana kwa chumvi. Haukupita muda, nikaondoka na wafanyabiashara waliokuwa wakisukuma baiskeli kwa miguu kuelekea Kasongo, kisha Kabambare, kisha ziwani. Baba alikufa kwa homa wakati vita vinaelekea kwisha. Sikumwona tena.

Aliacha mke, kibanda, mifupa ya gari na mtoto wa kike aliyezaliwa katikati ya shida zile. Huyo ndiye mdogo wangu. Sasa ni muuguzi, ana ulimi mkali, na alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi wa Mikelenge, mtaa mwingine wa mji wetu. Harusi ilipangwa baada ya mavuno ya mpunga. Siku aliyonikuta nimelala chini ya pikapu alichuchumaa, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Yaya, itatembea?"

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Umesahau unasema na nani," nilimjibu.

"Sisahau. Ile diplome yako minaiona kila siku, iko mukubwa kuliko dirisha. Minauliza gari."

Akanieleza. Alipozaliwa, baba alimbeba mpaka kibandani, akamweka juu ya boneti na kusema mbele ya wakunga kwamba huyu ataolewa akitoka nyumbani kwa gari lake. Alikuwa amelelewa na maneno hayo. Na mama, kila yalipotajwa, alisonya.

"Aliahidi mutoto gari yenye alikuwa amekwisha kuuza," mama alisema jioni ile tukila. "Hata mimi ninaweza kukuahidi ndege."

Mdogo wangu alikuwa anatazama sahani. Hapo nikajua kwamba jambo lenyewe halikuwa gari. Alitaka kujua kama baba yake, ambaye hamkumbuki, alimdanganya siku ya kwanza ya maisha yake. Nikamwambia litatembea. Mimi nikisema gari litatembea, hutembea.

Rejeta niliipata kwa mfanyabiashara wa Bukavu, ikaja kwa ndege ikiwa imefungwa kwenye godoro. Kabureta ilitoka kwa mzee mmoja wa Ufaransa anayekusanya magari ya aina hii. Tuliandikiana kwa simu, nikamtumia picha za kazi zangu, akaniita mwenzake. Nilisafisha mabomba, nikabadilisha vishikio, nikaweka ubao mahali pa kiti. Siku niliyozungusha hendeli, injini ilikohoa moshi mweusi, ikashika, ikanguruma mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Mdogo wangu alitoka mbio. Nilijua ndani ya difu hakuna gia ya bronzi, lakini nilikuwa natazamwa, kwa hiyo nikaingiza gia, nikaachia klachi taratibu kama inavyotakiwa. Injini iliendelea kunguruma. Gari halikusogea hata unene wa kidole.

"Yaya," alisema, "diplome inapiga kelele, lakini haitembei."

Difu ya gari hili si kama za magari mengine. Ndani yake kuna skrubu nene ya chuma inayozunguka bila mwisho, na juu yake hukaa gia ya bronzi, metali yenye rangi ya dhahabu iliyofifia. Viwili hivyo vilichongwa pamoja kiwandani, meno kwa meno. Ukichukua gia ya gari jingine italia, kisha italika. Mzee wa Ufaransa alikuwa nayo moja, lakini ilikuwa ya gari la abiria, na pikapu ina meno yake tofauti kwa ajili ya mizigo. Nilitafuta Kampala, Lubumbashi, hata kwa watu wa Dubai. Hakuna.

Ndipo nikaamua kutafuta Kindu kwenyewe. Zile bolti zilikuwa hazijaniacha. Nilizunguka kwa wauza vyuma wote wa Kasuku. Nilikwenda redioni nikaweka tangazo kwa sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa nina sauti nzuri: natafuta vipuri vya pikapu ya zamani ya Kifaransa, nanunua kwa bei ya juu, na sitamwuliza mtu alivipata wapi. Niliona ni tangazo la busara. Nilikuwa nimeliona likifanya kazi Dar es Salaam mara nyingi. Vitu huanza kuja kabla hujafika nyumbani.

Hakuja mtu. Zaidi ya hayo, watu waliokuwa wakinisalimu vizuri wakawa wakinisalimu kwa mkato. Nilikwenda kwa maalim mmoja mzee, rafiki wa baba, fundi cherehani aliyekuwa akifundisha watoto Kurani. Nikamweleza shida yangu na kumwambia ataje bei. Aliendelea kuingiza uzi kwenye sindano.

"Hapa hakuna kitu cha kuuza, mwanangu," alisema.

Nikaenda kwa mstaafu wa reli, Mkatoliki, mtu wa mzaha ambaye zamani alikuwa akinipa miwa. Nikataja bei kabla hata sijaketi. Safari hii hakufanya mzaha.

"Kwangu haiko kitu ya kuuza," akasema, akaingia ndani na kuniacha barazani na kiti kitupu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo. Watu wawili wasiosali pamoja, wasiokaa mtaa mmoja, walikuwa wamenijibu kitu kilekile kwa uso uleule. Mtu asiye na kitu husema hana. Hawa walisema hakuna cha kuuza, na walikuwa wamekasirika. Kwa nini mtu akasirike kwa kuulizwa bei ya chuma?

Kesho yake nilifungua difu yote, kuona kama naweza kuchonga gia mpya mwenyewe. Nilipoishusha na kuigeuza, nikakuta skrubu ile ya chuma imefunikwa na kitu kigumu cha rangi ya machungwa, kama nta. Nilikwangua kwa ukucha. Grisi huwa nyeusi ikizeeka. Hii haikuwa grisi. Nikanusa. Nilikaa kibandani nikinusa kidole changu kama mtu asiye na akili, kwa sababu harufu ile niliijua kabla sijajua chuma ni nini.

Nikamwita mama. Alikuja akilalamika, akainama, akachovya kidole, akanusa. Kisha akakaa juu ya tairi.

"Hii njo mawese," alisema polepole. "Hii njo mawese yangu."

"Baba alipaka ili chuma kisishike kutu."

"Unaniambia alipaka chuma."

"Ndiyo, mama."

Alipangusa kidole kwenye kitenge. Halafu akasema, bila kunitazama, "Wakati wa vita mafuta ilikuwa inapotea humu ndani ya nyumba. Minaacha chupa inajaa, kesho minakuta nusu. Minapika majani ya sombe na maji matupu, wewe na njaa yako unaangalia sufuria. Minamuuliza baba yako, ananyamaza. Kisha muntu ananiambia anamuona na baiskeli yake Mikelenge, na chupa, kwa yule mwanamuke wa lituma."

Mwanamke wa lituma nilimkumbuka. Alikuwa mjane aliyetwanga ndizi na muhogo pamoja na kuuza vipande karibu na soko, na lituma yake ilijulikana mji mzima.

"Kwa hiyo ulidhani," nikaanza.

"Sikudhani. Nilijua," alisema mama. "Miaka hii yote ninajua. Sasa unanionyesha chuma."

Akasimama na kurudi jikoni. Hakupika siku ile. Mdogo wangu alipika.

Fundi mwenye akili hufuata mafuta yanapovuja. Nilimchukua mdogo wangu, tukapanda pikipiki mbili, tukaenda Mikelenge. Mjane alikuwa hai, amekonda, akitwanga bado, ingawa sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda. Aliitazama sare ya garaji yangu, akaitazama sura yangu, akamtazama mdogo wangu zaidi.

"Wewe njo ulisema kwa redio," aliniambia.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye."

"Sauti nzuri. Maneno mubaya." Akaweka mchi chini. "Sasa umekuja kununua, ao umekuja kuchukua?"

Nilikuwa nimefungua kinywa kusema kununua, na kwa bei nzuri. Mdogo wangu akanitangulia.

"Kuchukua, mama. Tumekuja kuchukua kitu ya baba yetu."

Uso wa yule mwanamke ukalegea. Hapo nikaelewa, na ninajivunia kwamba nilielewa papo hapo, kabla hajaeleza. Ilikuwa amana. Baba hakuuza kitu. Alikuwa ameweka kila kipande kwa mtu anayemwamini, na kwetu amana haina bei. Aliyewekewa akikubali kutaja bei amejiita mwizi kwa kinywa chake. Na mimi nilikuwa nimezunguka mji mzima, na redioni pia, nikiwaambia watu waliotunza mali yetu kwa miaka yote ile kwamba nitanunua na sitauliza walivipata wapi.

"Sitakupatia wewe," mjane alimwambia mdogo wangu, kwa upole. "Wala yaya yako. Baba yenu alisema: kama mimi siko, mama ya watoto aje, nimupatie kwa mukono. Hapana mutoto. Sababu mutoto anaweza kutumwa na askari, bunduki iko nyuma yake."

"Vita imekwisha, mama."

"Vita imekwisha. Mwenye alisema vile amekufa, hawezi kubadilisha."

"Na kwa nini hukumwambia mama yetu?" niliuliza.

Alichukua mchi tena. "Nilikuja kwa kilio ya baba yenu. Nilikuja na mukeka wangu. Mama yenu aliniona kwa mulango, akafunga."

Sikuwahi kuwa na kazi ngumu kama ya kumpeleka mama Mikelenge. Injini iliyoshikana na kutu unaiwekea mafuta, unasubiri, unagonga kidogo. Mama haikuwezekana kumgonga. Nilimweleza habari za amana. Akasema gari halimhusu. Nikamweleza kwamba baba hakuwa na mwanamke. Akasema chuma kinaweza kuwa kwa mwanamke, na mwanamke akawa mwanamke vilevile. Harusi ilikuwa imekaribia. Mpunga ulikuwa tayari umeanikwa barabarani. Mwishowe mdogo wangu alikuja akakaa sakafuni mbele yake.

"Mama, mimi nitaenda kwa bwana hata kwa miguu. Lakini ninataka kujua kama baba alinidanganya. Wewe njo peke yako unaweza kwenda kuangalia."

Mama aliangalia mikono yake. Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge chake cha sikukuu, akafunga kilemba, akapanda nyuma ya pikipiki ubavu, mgongo wima, kama mtu anayekwenda kumshitaki mwenzake. Sisi tulifuata.

Mjane alimkaribisha. Mama alikataa kiti.

"Nimekuja kuangalia kitu," alisema.

Mjane aliingia chumba cha ndani, mahali anapoweka mbegu za mpunga. Alitoka na bunda lililofungwa kwa kitenge kilichopauka, akalibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaliweka mikononi mwa mama. Lilikuwa zito, mama aliyumba, nikataka kumsaidia, akanikata jicho. Alikaa, sasa bila kuambiwa, akafungua fundo.

Bronzi iling'aa pale pale penye giza la chumba. Upande mmoja ilikuwa imeota ukijani, na mafuta yalikuwa yameganda kati ya meno. Mimi nilikuwa naangalia meno tu: hakuna lililovunjika. Mama hakuangalia meno. Aliinama akanusa.

"Mafuta yangu," alisema.

"Yako," alisema mjane. "Alikuwa anakuja na chupa, anapaka mwenyewe, kisha ananiachia kidogo ya kupaka baadaye. Anasema: mama, hii haiko ya kula."

"Na haukukula?"

Mjane aliinua kidole kimoja. "Mara moja. Mutoto wangu alikuwa mugonjwa, hakuna kitu. Nilikula kijiko, nilimupatia yeye kijiko. Siku ingine nilimwambia baba yao. Alicheka."

"Alicheka," mama alirudia. "Kwangu hakucheka. Watoto wangu walikula sombe ya maji. Chuma ilikula mafuta."

"Njo vile."

"Chuma ilinona kuliko sisi."

Mdogo wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya ile gia na machozi yanamtoka bila sauti. Baba hakuwa amedanganya. Nilidhani mama naye atalia, au atamwomba mwenzake radhi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwuliza yule mwanamke kama lituma ya leo imekwisha kuiva. Alipoletewa sahani, akala kipande kizima, akasema ina chumvi nyingi, akachukua kingine.

Habari hutembea Kindu kuliko pikipiki. Kabla ya jua la kesho yake kupanda sana, maalim alifika garajini na kabureta ya asili ndani ya mfuko wa kanzu, imepakwa mafuta, haina hata doa la kutu.

"Nilikungoja urudi," aliniambia. "Ukarudi. Ukaanza kununua. Nikasema, huyu bado hajafika, nimpe muda."

Nyuma yake alikuja mstaafu wa reli na rejeta kichwani, akisema kwa miaka yote ile mkewe alikuwa akitaka kuigeuza kitanda cha kuku. Kiti kilikuwa sebuleni kwa mchungaji mmoja, kimefunikwa kitambaa, hajawahi kumruhusu mgeni akikalie. Hakuna aliyekuwa anajua mwenzake ana nini. Baba alikuwa amewapanga hivyo, ili atakayepigwa asiwe na cha kutaja zaidi ya kimoja. Nimesoma vitabu vingi vya ufundi na nimepita mikononi mwa walimu wazuri, na bado namwona baba kuwa fundi aliyenikaribia kwa akili.

Nilisafisha gia kwa ndimu na majivu. Nilichanganya masizi ya taa na mafuta kidogo, nikapaka meno, nikaikalisha juu ya skrubu yake na kuzungusha kwa mkono. Ukifanya hivyo, masizi hufutika pale meno yanapogusana, nawe unasoma alama kama unavyosoma unyayo kwenye tope. Alama ilikaa katikati ya kila jino. Vilikuwa vimetengana tangu vita na bado vilikuwa vinajuana.

Siku ya harusi nilivaa suti. Nililiosha gari mwenyewe, mdogo wangu akafunga majani ya mchikichi kwenye vioo vya pembeni. Nilizungusha hendeli mara moja tu, mbele ya watu, na ikashika. Nakiri kwamba nilitazama huku na huku kuhakikisha wote wameona. Mbele kuna nafasi ya watu watatu kwenye kile kiti kirefu. Bibi harusi alikaa katikati, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya mama.

Mama alilizunguka gari polepole. Akalipiga kiganja kwenye tako, kofi la kweli, kama unavyompiga mbuzi aliyekula unga wako. Halafu akasema hatakaa mbele. Akaagiza viti viwili vya plastiki viwekwe nyuma, kwenye mizigo, akapandishwa, akanyoosha mkono chini na kumvuta mjane wa Mikelenge, naye akapanda.

Niliachia klachi. Gari lilisogea. Mdogo wangu alinishika mkono wa suti. Pikipiki zilitutangulia zikipiga honi.

Kitu kimoja nilikuwa na hamu nacho tangu siku niliyonusa kidole changu kibandani: sauti ya ile gia. Gia za namna hii, zikikaa vizuri, hutoa mvumo mdogo sana, mwembamba, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na fundi mzuri huusikia kwa makalio kabla ya masikio. Tulipotoka barabara kuu na pikipiki zikatawanyika kidogo, nilishusha kioo, nikainamisha kichwa, nikasikiliza.

"Chupa nzima," mama alikuwa anasema nyuma yangu, kwa sauti ya kushinda injini. "Kila mwezi chupa nzima."

"Haikuwa nzima. Nusu."

"Nusu kwako. Na kwa maalim? Na kwa mchungaji? Hesabu basi."

"Mimi minasema yangu. Yangu ilikuwa nusu, na ile kijiko."

"Vijiko viwili. Wewe na mutoto."

Hivyo ndivyo tulivyofika Mikelenge. Gia sikuisikia.